Ulimi wa Kuazima

Karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa friji kubwa imelowa mpaka haisomeki, na vijana wa kaunta wamenipigia simu mara mbili kuniuliza Tangawizi ya Jumapili inaanzaje. Nilistaafu miezi minne iliyopita na sina kazi nyingine zaidi ya kugombana na kuku wa jirani, kwa hiyo nimekaa kuandika. Nilidhani ukurasa mmoja ungetosha. Imekuwa zaidi, kwa sababu kinywaji hicho nimekitengeneza miaka kumi na tisa bila kukionja hata siku moja, na jambo hilo haliandikiki kwa vipimo vya vijiko.

Nilizaliwa Iringa, mtaa wa Mshindo. Babu yangu alikuja kutoka Kilwa na mizigo ya nguo, akasema atakaa msimu mmoja, akazikwa hapahapa. Mimi nilipelekwa Mbeya nikiwa kijana kumsaidia mjomba dukani. Duka likafungwa kabla sijajua bei za vitu vyote, nikapata kazi ya kuosha glasi katika hoteli moja ya upande wa juu wa mji. Mhudumu wa kaunta akaugua, nikaambiwa nishike nafasi yake kwa wiki mbili. Hakurudi, na wiki zile mbili ndizo nilizozistaafu mwaka huu.

Mama aliposikia kwamba mwanawe Salumu anamimina pombe, alipanda basi la alfajiri akaja Mbeya. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kitanda changu, kwa kuwa kiti sikuwa nacho, akaniuliza kama nakunywa. Nikasema sinywi. Akaniuliza kama nitakunywa. Nikasema sitakunywa.

"Hata kuonja?"

"Hata kuonja, mama."

"Apa."

Nikaapa. Akasema mengine yote nitayajibu mimi mwenyewe mbele ya Mola wangu, yeye kwa upande wake amemaliza. Akaniachia chapati kumi na kurudi Iringa na basi la mchana. Masheikh wa mtaani kwetu wamenieleza tangu hapo, kwa upole na bila upole, kwamba kuuza nako kuna hukumu yake. Najua. Siandiki hapa kujitetea, naandika habari za kaunta.

Siku ya kwanza niliyoachiwa kaunta peke yangu, mgeni mmoja, mkaguzi wa shule aliyevaa suti ya rangi ya maziwa, aliagiza mvinyo wa mapovu. Watu wetu huuita shampeni wote, utoke nchi yoyote. Sasa, kwa sisi tuliokulia nyanda hizi, kinywaji chochote kilichochachuka kina machicha chini. Togwa ina machicha, komoni ina machicha, na kumpa mgeni maji ya juu huku uzito ukibaki kwako ni kumdharau. Nilikuwa na adabu zangu. Nikaishika chupa kwa mikono miwili, nikaipindua juu chini mara tano mbele yake ili aone kwamba simpunji, kisha nikafungua.

Kizibo kilipiga saa ya ukutani. Mvinyo uliobaki ndani ulikuwa wa kujaza kikombe cha kahawa, na mwingine wote alikuwa nao mkaguzi, mpaka kwenye soksi. Alifuta miwani yake, akasema amezunguka mikoa mingi lakini ukarimu wa aina ile hajawahi kuuona.

Aliyeniokoa nisifukuzwe alikuwa Tumpale, dada mkubwa wa kaunta, Mnyakyusa wa Tukuyu, Mmoraviani aliyekuwa akipata glasi yake moja Jumamosi na kuimba kwaya Jumapili. Kwanza alicheka mpaka akashikilia kaunta. Kisha akanichapa kwa kitambaa cha kufutia glasi, ambacho ndicho kilichokuwa kifaa chake kikuu cha kufundishia.

"Mdogo wangu, hii siyo togwa," alisema. "Hii ina hasira. Ukiitikisa inakukumbuka."

Alinifundisha yote ninayoyajua. Chupa zimepanda mlima Kitonga kwenye lori, zimerukaruka njia nzima, kwa hiyo zikifika zipumzike siku mbili mahali pa baridi kabla ya kuguswa. Ukifungua, shika kizibo kisiende popote, halafu zungusha chupa, siyo kizibo. Kikitoka kwa mlio wa bunduki ujue umeharibu. Kitoke kwa sauti ya mtu anayeshusha pumzi. Usiumimine mvinyo katikati ya glasi, uteremshe ubavuni. Na usimwangalie mgeni anapopiga funda la kwanza, kwa sababu hilo ni la heshima. Mwangalie anapopiga la pili.

Tumpale ndiye wa kwanza kuniazima ulimi. Alijua kiapo changu na hakukitania, ingawa alitania kila kitu kingine kuanzia masikio yangu. Mimi nilichanganya, yeye akaonja na kusema "ndaga" kama imekaa sawa. Kama haikukaa sawa, alichukua kile kitambaa.

Nilikaa Mbeya miaka kumi na moja. Magoti ya mama yalipoanza kumsumbua nikarudi Iringa, nikapata kazi kwenye hoteli mnayoijua, yenye baraza linalotazama bondeni. Kila Jumapili palikuwa na chakula cha saa nne kinachounganisha chai na chakula cha mchana. Wageni walikiita branchi. Sisi jikoni tulikiita chai nzito, na jina letu lilikuwa la kweli zaidi. Wakaja watu wa kutoka mbugani, wakaja walimu wa vyuo, zikaja familia zilizotoka misa ya kwanza. Meneja wa wakati ule akataka kinywaji cha mapovu kwa ajili ya hao, kisicho kikali, chenye kitu cha kwetu ndani yake. Akaniachia mimi nikihangaikie.

Sikuwa na Tumpale tena. Nikamtafuta mwenye ulimi, nikampata Anjela Kikoti, mpishi wa asubuhi, Mhehe, mdogo wangu kwa miaka minane hivi. Baba yake alikuwa mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, na Anjela alikulia kwenye mianzi hiyo. Alikuwa na uwezo wa kukuambia ulanzi huu umegemwa jana jioni au leo asubuhi, na mgema alikuwa na haraka au hakuwa nayo. Nilimweleza kiapo changu siku ya kwanza kabisa. Hakushangaa. Aliuliza tu kama mama bado yuko hai, nikasema yuko, akasema basi ni vizuri.

Tulihangaika wiki tano. Nilitengeneza, nikaisogeza glasi kwenye kidirisha cha jikoni, nikangoja hukumu. Hukumu za Anjela hazikuwa za kitabuni. "Haijaamka, kaka Salumu." "Limau linagomba na chungwa." "Hii ni dawa ya mafua." Wiki ya tano akalamba mdomo, akasema, "Sawa."

Haya sasa, vijana, andikeni. Tangawizi mbichi robo kilo, msiimenye, isugueni kwa brashi tu na kuikwangua kwenye kikwangulio. Mnaichemsha na vikombe viwili vya maji na vikombe viwili vya sukari, moto mdogo, mpaka iwe nzito kiasi cha kung'ang'ania kijiko. Chujeni kwa kitambaa chepesi, na mkikamua msikamue kwa hasira, maana wanga wa tangawizi ukipita utatia ukungu kwenye glasi. Ipoe kabisa. Machungwa yakamuliwe asubuhi ileile, siyo usiku wa kuamkia, yachujwe mara mbili, yawekwe kwenye baridi. Limau nusu kwa kila machungwa manne. Ndimu isitumike, ni kali na inatawala. Kwenye glasi ndefu unatanguliza tangawizi, wakati ule vijiko viwili, juu yake juisi mpaka theluthi ya glasi, kisha unainamisha glasi na kuteremsha mvinyo ubavuni, polepole, ukimaliza unapitisha kijiko kirefu mara moja tu kutoka chini kwenda juu. Ukitanguliza mvinyo na kumwagia juisi juu yake, itafura na kukutia aibu. Pembeni ganda la chungwa, jembamba, lisilo na nyeupe.

Kila Jumapili, saa tatu kasoro robo, glasi ya kwanza ilikwenda kidirishani kwa Anjela. Baada ya dakika moja ilirudi imepungua kwa vidole viwili, na pamoja nayo neno lile lile: "Sawa." Baada ya hapo ndipo nilipofungua kazi. Tulikwenda hivyo mwaka hadi mwaka, na sikuwahi kumpa mgeni glasi bila neno lile.

Lakini wageni hawaoni kidirishani, wanaona kaunta. Na mtu wa kaunta anatazamiwa aonje, achovye mrija, avute kidogo, atikise kichwa. Nikajifunza kuigiza. Nilichovya mrija, nikaupandisha mpaka usawa wa kidevu, nikageuka kidogo kana kwamba nafikiri, nikautupa kwenye ndoo. Nilifanya vizuri mno mpaka meneja akaanza kuniita Profesa. Sikuona haya, ila nilikuwa na hofu moja, nayo ilikaa na mimi miaka yote: kwamba siku moja mtu ataniambia, onja wewe kwanza.

Asiyetoka pande hizi anaweza kuona hofu hiyo ni ya kitoto. Huku kwetu mwenye pombe ndiye huonja kwanza, mbele ya mgeni, machoni pake. Ukikaribishwa ulanzi Kilolo, mwenye nyumba anapiga funda, anaufuta mdomo wa chombo kwa kiganja, ndipo anakupa. Hakuna anayeieleza desturi hiyo. Maana yake ni kwamba humu hamna kitu kibaya, na kama kimo tutakufa wote. Mjini watu wameacha kwa sababu chupa huja zimezibwa, lakini hawajasahau.

Siku yenyewe ilikuja na harusi. Binti wa Kilolo alikuwa ameolewa Jumamosi na kijana wa Kinyakyusa anayeitwa Gwakisa, na Jumapili upande wa mume ukawaalika wakwe zao kwenye baraza letu, ili wale pamoja kabla ya kurudi Mbeya. Mama Gwakisa alikuja mwenyewe wiki moja kabla kuagiza, na kinywaji alichokitaka kilikuwa Tangawizi ya Jumapili, glasi moja kwa kila mtu, kwa ajili ya kutakiana heri. Meza moja ndefu, watu wapata arobaini. Baba wa bibi harusi, Mzee Kihwele, alikataa kukaa kichwani mwa meza. Alisema pale pana upepo, akavuta kiti mpaka karibu na kaunta yangu penye jua, akakaa na koti lake la sufu la kijivu na kofia juu ya goti.

Nilimwamkia "kamwene", akaitikia. Akaendelea kunitazama. Nilidhani anapenda kazi ya mikono, wazee wengi hupenda. Nikachanganya, nikachovya mrija wangu, nikaupandisha, nikautupa. Trei ya kwanza ikaenda. Nikafanya hivyo na trei ya pili na ya tatu.

Glasi zilipoenea mezani, upande wa Mbeya wakainua. Upande wa Kilolo hawakuinua. Walikuwa wanamtazama mzee wao, naye glasi yake aliiweka juu ya kaunta yangu, mbele yangu, kama mtu anayerudisha kitu dukani.

"Kijana," aliniita. Nilikuwa na miaka hamsini na minne.

"Naam, mzee."

"Hii kinywaji umechanganya wewe?"

"Mimi, mzee."

"Nimekuangalia tangu nimekaa hapa. Umechukua mrija, umechovya, umepeleka mpaka hapa." Akagusa kidevu chake. "Halafu umetupa. Mara tatu umefanya hivyo. Kwa nini hunywi?"

Nikasema kitu kuhusu utaratibu wa kazi.

"Mtu ambaye haonji, labda hana kiu," alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Lakini mtu anayejifanya ameonja, na hajaonja, sisi kwetu hiyo ni kitu ingine. Onja."

Baraza zima lilisikia. Mama Gwakisa aliweka uma wake chini.

"Baba, samahani," alisema. "Unataka kusema sisi tumekuja kuwawekea kitu?"

"Sijasema nyie, mama. Nimesema huyu aonje."

"Huyu tumemweka sisi. Ukimshuku huyu umetushuku sisi."

"Basi aonje, yaishe."

Bibi harusi alikuwa anatazama kitambaa cha meza. Mume wake alikuwa amesimama nusu, hajui akae au aende kwa nani. Ndoa ilikuwa na umri wa siku moja, na wazazi wa pande mbili walikuwa wamefika kwenye neno la sumu kabla ya mayai kupoa, kwa sababu ya mrija wangu. Nimeona watu wakigombana kwenye baa kwa miaka mingi, na mara zote lilikuwa jambo lao. Hili lilikuwa langu.

Niliichukua ile glasi. Nitasema kama ilivyokuwa: nilikuwa nimeamua kunywa. Mama alikuwa hai, maili moja kutoka pale, labda anachambua mchele kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa nimeamua. Niliipandisha ikapita kidevu. Mapovu yakanirukia puani, na harufu yake niliijua kuliko ninavyozijua nguo zangu. Nilisikia baridi ya glasi kwenye mdomo wa chini. Sijawahi kuogopa vile.

Mkono ukanishika kifundo.

"Kaka Salumu, weka."

Alikuwa Anjela, ametoka jikoni na aproni yake na unga mpaka kwenye viwiko. Akaitoa glasi mkononi mwangu, akamgeukia mzee, akapiga goti kidogo kama wanavyopiga kwao.

"Shikamoo, baba. Usimkasirikie huyu. Ameapa kwa mama yake kwamba hatalamba pombe, ndiyo maana anafanya vile na mrija. Anayemwonjea ni mimi. Nitaonja mimi."

"Marahaba. Haya, onja wewe, yaishe."

Anjela alikuwa mtu wa kutoa sufuria motoni bila kitambaa. Sasa aliishika glasi kwa mikono miwili kama kitu kinachomuunguza. Akafumba macho. Midomo yake ikawa inacheza bila sauti. Nilidhani ni kuogopa umati.

"Mbona unasali?" aliuliza Mzee Kihwele.

Akafumbua macho, na alimtazama mzee, hakunitazama mimi.

"Naomba msamaha kabisa, baba. Mimi nimeokoka. Mwaka wa sita huu hii kitu sijaweka mdomoni. Lakini leo naweka, Mungu atanisamehe."

Nilisikia miaka sita. Nikaanza kuhesabu Jumapili, nikaacha.

"Weka chini, mama," alisema mzee.

Akaiweka. Mzee akamtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama yeye tena. Alikuwa mtu wa kulielewa jambo mpaka mwisho kabla ya kulisemea.

"Subiri kwanza, nielewe. Wewe huonji kwa sababu huyu anakuonjea."

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe huonji."

"Ndiyo, baba," alisema Anjela.

"Sasa nani anaonja?"

Mwisho wa meza mjomba mmoja wa Mbeya alianza kucheka, akafinywa na mkewe. Kwa miaka sita tulikuwa tumewapa watu, Jumapili baada ya Jumapili, kinywaji ambacho hakuna hata mmoja jikoni wala kaunta aliyejua kina ladha gani.

Mzee Kihwele aliivaa kofia yake, nikajua sasa anahukumu.

"Chupa ilikuja imezibwa?"

"Imezibwa, mzee. Nimeifungua mbele yako."

"Aliyeiziba ni mtu wa mbali huko, hanijui, hana ugomvi na mimi. Ya kwako wewe humu ndani ni ipi?"

"Tangawizi, machungwa na limau."

"Hiyo unakunywa?"

"Hiyo nakunywa."

"Kunywa. Siyo kijiko. Glasi."

Nikachanganya tangawizi, juisi na limau kwa kipimo kilekile bila mvinyo, nikajaza glasi, nikanywa yote mbele ya watu arobaini. Mimi nilizoea kuonja mchanganyiko ule kwa ncha ya kijiko, na kwa ncha ya kijiko ni mtamu. Glasi nzima ni habari nyingine. Ilifika katikati ya kifua ikawasha moto pale, machozi yakanitoka, nikakohoa ndani ya kitambaa changu. Mzee alingoja nimalize kukohoa. Alipoona nimesimama bado, akachukua glasi yake, ileile iliyotushinda wawili, akapiga funda. Hilo lilikuwa la heshima. Akapiga la pili.

"Tangawizi imezidi," alisema.

Akaiinua glasi juani, akaitazama.

"Imezidi sana. Mtoto wangu ameolewa, hajashikwa na kifua."

"Hata mimi!" Mama Gwakisa alisema kwa nguvu mpaka akajishtukia. "Hata mimi baba, tangu naionja wiki ile nilipokuja kuagiza. Nilinyamaza kwa adabu tu."

"Ungesema, mama."

"Ningesema nini, na huyu wanamwita Profesa?"

Watu walicheka, wa Kilolo na wa Mbeya, na lile neno baya likazama ndani ya kicheko, sikulisikia tena siku ile. Pande mbili zilikuwa zimekubaliana jambo la kwanza katika undugu wao, nalo lilikuwa kwamba mimi naharibu vinywaji. Baadaye nilifuatilia: miaka ile muuzaji wetu wa tangawizi sokoni alikuwa amebadilika, na ya huyu mpya ilikuwa ndogo, kavu na kali maradufu. Mwenye ulimi angejua Jumapili ya kwanza. Nikakusanya glasi zote, nikatengeneza upya kwa kijiko kimoja, na nikaisogeza ya kwanza kwa mzee. Alionja, akaipitisha kwa Mama Gwakisa, naye akaonja palepale alipoonja mzee. Kwa hiyo ni kijiko kimoja, vijana, na glasi ya kwanza anapewa mgeni, unamwambia ukweli kwamba wewe hujui ladha yake, na unamwomba akuambie. Wataona ajabu, lakini watakuambia.

Baraza lilipotulia niliingia jikoni. Anjela alikuwa kwenye karo anaosha glasi, kazi isiyo yake. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na shukrani, na sikujua nianze na ipi, nikaanza na hasira kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mdomo.

"Miaka sita, Anjela. Glasi zilikuwa zinarudi zimepungua."

"Nilikuwa namwaga kwenye karo."

"Na lile 'sawa'?"

"Nilikuwa naangalia rangi yake, na mapovu. Ilionekana sawa."

"Ungeniambia tu kwamba umeokoka. Nisingekulazimisha."

"Najua usingenilazimisha, kaka." Akaigeuza glasi juu ya kitambaa. "Ungetafuta mwingine wa kukuonjea. Na wa kumpata hapa ni nani? Hawa wasichana wanaokunywa soda? Ungetafuta mwezi mmoja, miwili, ungechoka. Halafu Jumapili moja, watu wamejaa, ungesema ngoja nionje mwenyewe, tone moja tu, nani anaona."

Asubuhi ileile nilikuwa nimeifikisha mdomoni.

"Mama yako ni mzee," alisema. "Nikaona uongo nibebe mimi."

Nikamwambia kwamba kwenye dini yake na kwenye dini yangu, uongo ni dhambi pia. Akasema anajua, na kwamba kila Jumapili saa tatu kasoro robo alikuwa akiitubu mbele ya karo kabla hajanirudishia glasi. Kisha akafuta mikono na kuniuliza kama nimekula.